Mto Wenye Tundu

Kile kiungo ulichopitia siku ulipozaliwa kinaitwaje? Kitaje kwa sauti, hapo hapo ulipokaa, hata kama pembeni yako yupo mama mkwe. Umeshindwa? Basi usimcheke shangazi yangu. Naye alishindwa, mbele ya dirisha la kadi la zahanati, na kushindwa huko ndiko kunakomuua.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu, fundi cherehani, ana miaka hamsini na nane. Mtaa mzima unamwita Fundi. Wapo mafundi wa saa, wa viatu na wa bomba, lakini ukisema "nipeleke kwa Fundi," hata mtoto mdogo anajua mlango. Chumba chake cha kazi ni kile cha mbele, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ndani kuna cherehani ya miguu yenye pedali iliyolika upande wa kulia, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na pazia la maua linaloficha pembe ya kupimia. Nyuma ya pazia hilo wanawake walisimama na nguo za ndani huku Shangazi akiwazungusha tepu, pini sita zimebanwa kwenye midomo yake. Mtu mwenye pini sita mdomoni hawezi kujibu wala kushangaa. Kwa hiyo walimwaga yote: waume, mimba zilizoharibika, miwasho, uvimbe.

Kwa uvimbe Shangazi alikuwa na dawa. Akishatoa pini mdomoni alisema neno moja tu: "Beseni."

Hakulitoa hewani. Alipokuwa na miaka ishirini na nne, miezi michache baada ya kumzaa binti yake wa pekee, aliota uvimbe huko chini, kando ya mlango, ukubwa wa punje ya mahindi, ukakua hadi kufika jicho la ng'ombe. Mkunga aliyemzalisha alimwambia akalie maji ya uvuguvugu kwenye beseni, robo saa, mara nne kwa siku, na asithubutu kubinya wala kuchoma na sindano. Siku ya nne ukapasuka wenyewe, akapona. Mkunga hakukosea. Tangu hapo Shangazi akawa na imani na beseni kama wengine walivyo na imani na sala, na kwa miaka zaidi ya thelathini wanawake wa mtaa ule walikalia maji kwa agizo lake. Wengi wao walipona kweli. Ubaya wote wa habari hii uko hapo: walipona.

Mimi nililelewa kwake tangu nikiwa sekondari, na nilipomaliza chuo nilipangiwa shule iliyo mitaa miwili kutoka kwake. Nafundisha bayolojia. Mwaka jana, siku moja baada ya vipindi, nilipita kuchukua suruali yangu nikakuta kitu kipya juu ya kiti chake: mto wa duara, umejazwa sponji la kochi kuukuu, umevikwa vipande vya sare za shule, na katikati una tundu la kupita ngumi. Umeshonwa kwa ufundi, una hadi utepe wa pembeni. Shangazi alikuwa amesimama mezani anakata, na muuza mboga wa pale nje alikuwa anasubiri gauni lake.

Niliuokota ule mto nikauvaa shingoni.

"Shangazi, hii ni tairi ya akiba? Cherehani imepata pancha?"

Muuza mboga alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mwalimu, mwache shangazi yako. Uzee umemkalia vibaya huyo."

"Uzee haujanikalia," Shangazi alijibu bila kuinua macho kwenye mkasi. "Mimi ndiye nimeukalia, na nimeutoboa katikati. Vua mto wangu, wewe mpuuzi. Utaupanua na hicho kichwa."

Nilipouvua uligusa pua yangu. Ulikuwa na harufu, si kali, kama ya bandeji iliyosahaulika kidondani. Nikalilaumu sponji. Nikalipa, nikachukua suruali, nikaondoka nikiwa bado nacheka. Mwalimu wa bayolojia.

Yaliyotokea kabla na baada ya siku ile nimeyajua baadaye, kwa maneno yake mwenyewe na kwa kadi yake ya zahanati ambayo sasa iko mbele yangu ninapoandika.

Ulianza muwasho. Ukakaa miezi, unakuja usiku na kuondoka, hadi akabadilisha sabuni mara tatu. Kisha ukaja uvimbe, mdogo, mgumu kama kokwa, upande wa kulia. Shangazi alifurahi, ndiyo, alifurahi. Alijisemea kwamba amerudi yule mgeni wake wa zamani, tena dawa yake anaijua. Akakalia beseni. Siku ya nne haukupasuka. Wiki ya nne haukupasuka. Akaongeza chumvi, kisha akapunguza chumvi. Akadhani maji hayana moto wa kutosha, akajiunguza. Uvimbe ukachanika juu ukawa kidonda, naye akaona hiyo ndiyo dalili kwamba unataka kutoka. Kukaa kwenye kiti ikawa adhabu, na fundi asiyekaa hashoni. Ndipo akachukua mkasi mkubwa na sponji la kochi.

Mwezi wa tano alikwenda zahanati. Nataka hili lijulikane, kwa sababu watu wanapenda kusema wanawake wetu hawaendi. Alikwenda.

Pale zahanati, kabla hujamwona yeyote, unapita dirisha la kadi. Dirisha lina kioo chenye kitundu kidogo, na nyuma yake kuna karani ambaye kwa sababu ya kioo hakusikii vizuri, naye kwa sababu hakusikii vizuri anapaza sauti. Utaratibu ni kwamba lazima umtajie unachoumwa, akiandike kwenye kadi, ndipo ajue akupeleke chumba gani. Foleni inasimama nyuma yako, kifua kwa mgongo. Karani yule ni mteja wa Shangazi; suruali aliyovaa siku ile aliishona yeye.

"Fundi! Karibu sana. Leo umekuja kwetu! Unaumwa nini?"

Shangazi alisema kitu kwa chini.

"Sikusikii, Fundi. Ongeza sauti!"

Nyuma yake alisimama mzee wa nyumba ya pili, na nyuma ya mzee kijana muuza vocha, na nyuma yao wengine.

"Mgongo," Shangazi akasema.

Karani akaandika: mgongo. Akampeleka chumba namba tatu. Humo alimkuta tabibu wa rika langu mimi, mlango uko wazi, mgonjwa anayefuata ameshaingiza mguu mmoja. Tabibu akasoma kadi. "Nyie mafundi mnakaa sana," akasema, akamwandikia vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua. Mwezi wa saba alirudi. Tabibu akasoma kadi: "Mgongo bado?" Shangazi akasema bado. Mwezi wa tisa, vilevile. Neno limeandikwa mara tatu kwa mwandiko wa watu wawili, na kila mara lilipoandikwa lilizidi kuwa kweli. Mtu angeanzaje, mara ya tatu, kusema kwamba hajawahi kuumwa mgongo maishani mwake?

Jumamosi moja mchana nilimkuta amekaa kwenye mto wake, cherehani imesimama, uso una jasho. Alitaka kuinuka kunipokea akashindwa. Nilipomshika mkono niliona doa nyuma ya gauni.

"Ni mtoki tu," akasema. "Umenitoka kinenani. Ni hii pedali."

"Mtoki hautoki bila sababu, Shangazi. Una kidonda wapi?"

Akavuta tepu yake, akaanza kuizungusha kidoleni.

"Shangazi."

"Wewe ni mtoto wa mdogo wangu. Nimekufulia nepi. Nitakuambiaje?"

"Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Hakuna kiungo nisichokijua."

"Haya, mwalimu." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Basi nitajie wewe. Niko wapi na kidonda? Kinaitwaje hapo?"

Nikafungua mdomo. Neno ninalijua. Nimeliandika ubaoni, nimelisahihisha kwenye madaftari arobaini kwa wino mwekundu. Lakini mbele yangu hakikuwa kitabu, alikuwa Shangazi, na neno likakataa kupanda.

"Huko... chini," nikasema.

Alicheka, na kule kucheka kukamuumiza, akashika meza. "Umeona? Na shahada yako yote. Chini ni wapi, kwenye miguu? Nina fangasi?"

Kisha akavuta kitambaa cheusi kilichobaki kwenye sketi ya mtu, akakitandaza mezani, akachukua chaki yake ya kukatia. Alichora kama anavyochora shingo ya gauni, bila kusita na bila kuinua mkono: mstari wa katikati, mashavu mawili ya nje, mawili ya ndani, matundu mawili, kila kitu mahali pake na kwa vipimo. Halafu, juu ya shavu la kulia, akatia alama ya msalaba, ile anayoitia mahali pa kufungua tundu la kitufe.

Ukutani mwa darasa langu umetundikwa mchoro mkubwa wa uzazi. Unaonyesha mji wa mimba, mirija, mayai, vyote kwa rangi. Ukifika chini, mstari unakatika. Aliyechora alifika mlangoni akaogopa kutoka nje. Nimefundisha kwa mchoro huo miaka miwili bila kugundua kwamba unakosa kitu, na hapa fundi aliyeishia darasa la saba alikuwa amekijaza kwa chaki ndani ya dakika moja.

"Kipeleke hicho," akasema, akikikunja, baada ya kunieleza mengine yote tangu ule muwasho. "Mimi pale dirishani sirudi."

Sikupita dirishani. Nilizunguka nyuma, kwenye wodi ya wazazi, nikamwomba muuguzi mkunga anisikilize, na niliposhindwa tena kusema nikampa kitambaa. Alikikunjua juu ya meza yake. Hakucheka.

"Huyu ana umri gani?"

"Hamsini na nane."

"Una miezi mingapi huu uvimbe?"

"Kama kumi na mmoja."

"Mgumu au laini? Umechanika? Ana mtoki?" Nilipojibu, alivua miwani. "Mlete leo hii. Mpitishe mlango huu huu."

Alimpima nyuma ya mlango uliofungwa kwa komeo, kisha akatuita wote wawili, akamwomba Shangazi ruhusa ya kusema mbele yangu. Ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akisema neno uke mbele ya Shangazi, tena alilisema kama mtu anavyosema kiwiko. Akaeleza kwamba pembeni mwa mlango wa uke kuna tezi mbili ndogo za kulainisha, na kijimrija cha tezi kikiziba, maji hujaa, uvimbe hutokea. Ndio ule wa ujana wake. Huo, usipouma, unaweza hata kuachwa. Ukiuma, maji ya uvuguvugu husaidia, na ukigoma au ukitunga usaha hufunguliwa hospitali na kuwekewa njia ya kutoa uchafu. Kuna majipu ya vinyweleo baada ya kunyoa, kuna masundosundo, kuna vifuko vidogo vya mafuta chini ya ngozi. Mengi hayaui.

"Lakini mama, mwanamke aliyekoma hedhi akiota uvimbe mpya hapo, au kidonda kisichopona, au muwasho usioisha, sisi hatumpi beseni. Tunakata kipande kidogo tunapima. Hata kama unafanana na ule wa zamani."

"Haukufanana," Shangazi akasema polepole. "Ule ulikuwa laini. Ule ulikuwa chini. Mimi ndiye niliyeufananisha."

Akampa rufaa. Hospitali kubwa walikata kipande, tukasubiri majibu wiki tatu. Nilitumia wiki hizo kuwa na hasira. Nilimwendea karani nikamfokea kupitia kitundu chake, naye akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwalimu, mimi naandika ninachoambiwa. Ningejuaje?" Nilimwendea mkuu wa zahanati nikadai wagonjwa waandike wenyewe kwenye karatasi, au waulizwe ndani, mlango umefungwa. Akaniambia wazo ni zuri na wataliangalia. Nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya jambo.

Majibu tulipewa na daktari mwanamke, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Hakuzunguka. Ni saratani ya shavu la uke. Imeshafika kwenye mitoki ya kinena pande zote mbili, na picha inaonyesha imeingia hadi ndani ya nyonga. Watamchoma mionzi ili kidonda kipungue na maumivu yapungue. Kupona hakulitaja.

"Hamkati?" Shangazi akauliza. Kukata ndiko anakokujua.

"Sasa hivi nikikata sitaimaliza, mama, na kidonda hakitafunga."

"Ningekuja mwanzo?"

Daktari alisita. Nadhani alitaka kudanganya, na nadhani Shangazi aliliona hilo, kwa sababu alisema, "Nimewavalisha watu nguo za maziko, binti yangu. Sema."

"Mwanzo kabisa, ningetoa kipande kama kitufe. Tungepima na mitoki. Wengi wanaokuja wakati huo wanapona."

"Kitufe cha koti au cha shati?"

"Cha shati."

Shangazi aliitazama mikono yake. "Cha shati ni kidogo," akasema.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Hakutaka kulala. Aliketi kwenye mto wake, akauliza kama gauni jipya la muuza mboga limeshachukuliwa, akapangua vitambaa akavipanga upya. Nilianza kusema kuhusu mionzi, kuhusu watu ninaosikia waliopata nafuu. Alinikatiza.

"Niliwaambia wangapi?"

"Nini, Shangazi?"

"Beseni. Hebu nisaidie kuhesabu, wewe uliyesoma." Akaanza kutaja kwa vidole, kwa nguo alizowashonea: yule wa gauni la kijani, yule wa sare ya kwaya, wale pacha. Wengi anawaona hadi leo, wamepona, wanapita hapo nje wanamsalimia. Kisha kidole kikasimama. "Mama wa duka la kona. Alikuja nyuma ya pazia mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, Fundi, maji yako yamegoma. Nikamwambia aongeze siku. Hakurudi tena."

"Yule alikufa kwa tumbo," nikasema. "Wote walisema ni tumbo."

"Mimi wote walisema ni mgongo."

Nilitaka kumwambia kwamba kosa si lake, ni la kioo chenye kitundu, la mchoro uliokatika, la sisi sote tunaojifanya hatukutoka mahali hapo. Yote hayo ni kweli hata sasa. Lakini nilimtazama akipanga vitambaa, nikajua kwamba ukweli wangu haumfai kitu, na kwamba wakati wa kumfaa ulikuwa ile siku niliyouvaa mto wake shingoni.

"Dawa za kufungia kidonda zinapatikana pale zahanati," nikasema mwishoni. "Kesho nitakwenda kuzichukua."

"Nenda mapema," akasema. "Foleni."

Nilikwenda mapema. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, muuguzi mkunga alikuwa kwenye uzazi, kwa hiyo nilipanga foleni dirishani na cheti cha Shangazi mkononi. Mbele yangu alikuwa mwanamke mmoja tu, wa miaka arobaini na kitu, mwenye kitambaa cha kichwa cha bluu. Tangu nifike alikuwa amesimama mguu mmoja umelegezwa, kama mtu anayekwepa kitu. Zamu yake ikafika.

"Unaumwa nini, mama?"

Akainamia kitundu, akasema kitu.

"Sikusikii. Ongeza sauti!"

Akageuza kichwa. Aliitazama foleni yote, kutoka mwisho hadi mwanzo, na macho yake yakaishia kwa aliyekuwa karibu naye kuliko wote, mwanamume, na huyo nilikuwa mimi.

"Mgongo," akasema.

Karani akaandika, akamwelekeza chumba namba tatu. Alikwenda hadi kwenye benchi, akaliangalia kidogo, kisha akakaa taratibu, kwa paja moja.